Kilio cha Miche ya Nyamizi

Hadithi imebisha hodi, nani anaifungulia? Haya, sogeeni.

Nyamizi alikuwa mjane mwenye shamba na watoto wanne. Kila shimo alitia mbegu tatu za mahindi. Zilipoota, wifi yake Kalunde akamwambia, "Wifi, punguza. Bakiza mche mmoja, ule wenye afya."

Nyamizi akashika mche. Ukalia kama mtoto: "Mama, usining'oe!" Akauacha. Mahindi yakabanana, yakatoa vigunzi visivyo na punje.

Msimu wa pili akapanda soya. Akashika mche. "Mama, usining'oe!" Akauacha. Soya ikasongana, ikatoa maganda matupu. Watoto wakalala na njaa.

Msimu wa tatu akarudia mahindi.

"Wifi, yanalia!" alimwambia Kalunde.

"Na wanao, hawalii?"

Nyamizi akafumba macho. Akang'oa, akang'oa, akang'oa! Chini ya ardhi sauti nzito ikanguruma, "Umenimaliza! Mimi hula mashamba yaliyosongamana!" Zimwi likachomoka udongoni, likatokomea porini, lisirudi tena.

Mwaka huo kihenge kilijaa hadi kifuniko kikakataa kufunga.

Msimu uliofuata Nyamizi akashika mche kwa furaha, maana zimwi lililokuwa likilia limekwenda zake.

"Mama, usining'oe!"

Akamwita Kalunde. "Wifi, sasa nani analia?"

Kalunde akainama, akasikiliza, akajikuna kichwa. "Sijui, wifi. Ng'oa."

Nami msiniulize. Leo asubuhi nimepunguza miche yangu, nayo ikalia vilevile.