Mshipi wa Bogurtai

Enyi wana wa mahema ya sufu, mliobaki wachache, sogeeni niwape urithi wenu, ingawa si wa kufurahisha.

Katika zama za mababu, kabla nyika ya Wamongoli haijawekewa mipaka, aliishi Bogurtai mwana wa Alchidai, wa ukoo wa Farasi wa Kijivu, Mvunja-Barafu, Kifua cha Mlima, yeye aliyezikusanya hema saba zilizotawanyika akazifanya taifa moja katika Bonde la Orgil, akalizungushia ukuta wa mawe aliyoyabeba mabegani mwake. Siku hizo, kama leo, mwanamume aliyevua mshipi wake akautundika shingoni alikuwa amejisalimisha, yeye na wote walio nyuma yake.

Akaja Mfalme wa Kusini na majeshi yake. Ukuta ulimshinda, lakini njaa ilikuwa upande wake. Bogurtai akamwendea peke yake, akasema, “Nichukue mimi. Watu wangu waachie bonde lao.”

Mfalme akajibu, “Vaa joho langu la hariri, uketi mbele ya mchoraji wangu siku tatu, nami nitaondoka.”

“Nitalivaa. Lakini mshipi wa baba yangu haunitoki.”

Akaketi siku tatu, mshipi wa ngozi juu ya hariri. Mchoraji, kwa amri ya bwana wake, akapaka rangi za maji kila kitu isipokuwa mshipi ule, na picha ikapelekwa bondeni Bogurtai akiwa bado amezuiliwa.

Mkewe Sorgan akalia, “Jamani wazee, mkono wa mchoraji si jicho la Mungu! Msubirini arudi aseme mwenyewe.”

Nao wazee wetu, ninaowaonea haya hadi leo, walitazama kiuno kitupu wakasema, “Bogurtai amevua. Sisi ni nani tusivue?” Wakatundika mishipi shingoni, wakafungua lango.

Bogurtai aliporudi alikuta majivu, na Sorgan ameketi, picha magotini. Wanaume walikuwa wamekokotwa kusini, mikono imefungwa kwa mishipi yao wenyewe.

“Hukuvua?” Sorgan akamwuliza.

“Sikuvua.”

Akafuata nyayo zao kwenye theluji, akiwa na joho lile lile, asionekane tena.

Sisi ni uzao wa wanawake waliobaki. Picha ndiyo hii, uso umeshafifia. Kila mtoto wetu wa kiume, siku ya kufungwa mshipi, hugusishwa hapa kiunoni pasipo na rangi, akaambiwa, “Alikuwa nao.” Huambiwa, naye hulia, na bonde halirudi.