Kasha Lililodai Mkeka

Hadithi hiyo inakuja, anayesinzia aamke!

Makungu aliachiwa usia wa kuwagawia watoto wa marehemu kaka yake mali iliyomo kashani. Akamnong'oneza wa kwanza: "Njoo peke yako, wenzio wasijue." Kasha likaguna. Akamnong'oneza wa pili. Kasha likanguruma. Wa tatu, Mwanakheri, akakataa: "Ami, tandika mkeka uani, ugawe sote tukiona."

"Kumbe mimi mwizi? Basi hupati kitu!" Akatia mkono azoe yote. Kasha likamng'ata.

"Uani!" likanguruma.

Akaliburura akilia mpaka uani, kwenye mkeka aliotandika Mwanakheri. Likafunguka mbele ya wote, vidole likabaki navyo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nawe shemeji unayecheka mlangoni, mali ya mume wangu unayo mwaka wa pili. Wanangu hawa hapa. Mkeka nimeshatandika.