Mkulima Aliyepanuliwa Mipaka

Mkulima mmoja alikuwa na migomba yake kwenye mteremko mkali, kule milimani ambako limau likikuponyoka unaliokota kwa jirani. Na jirani alikuwepo, kule chini. Kati yao palipandwa masale, ile mimea ya mpaka ambayo wazee waliiweka ili watu wasikatane mapanga. Hawa wawili hawakusalimiana. Sababu? Hatua moja ya ardhi! Msicheke, na nyie mnazo zenu.

Masika ya mwaka huo yalinyesha mpaka vyura wakatafuta pa kujikinga. Asubuhi moja mkulima akatazama masale, akafikicha macho. Yamesogea! Yamekwenda chini, na shamba lake limeongezeka. Siku chache baadaye yakasogea tena. Mtu mwenye akili angejiuliza. Huyu alivaa koti, akaenda kanisani, akasimama mbele: "Bwana asifiwe! Mungu amenipanulia mipaka!" Watu wakapiga makofi. Makofi!

Mkewe hakupiga. Walipofika nyumbani akamwambia, "Baba watoto, nyuma ya zizi kuna ufa. Nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Udongo umelowa, chini yake ni mwamba mtupu. Sisi hapa tumekaa kama utando juu ya maziwa. Twende kwa dada yangu kabla nyumba haijaondoka na watoto ndani."

"Niondoke? Nikigeuza mgongo tu, huyo wa chini atayarudisha masale."

"Na ufa je?"

"Ufukie. Panda na maua."

Hawajamaliza, jirani huyo anapanda mteremko, mishipa ya shingo imemtoka. "Mwizi wewe! Masale yako yamefika jikoni kwangu! Jana mke wangu ameanika nguo juu yake!"

"Sijayagusa."

"Kwa hiyo yana miguu?"

"Kamuulize aliyeyatembeza!" Mkulima akanyoosha kidole mbinguni.

Hebu niambieni. Watu wazima wawili, wenye ndevu, wanaona mlima unatembea, nao wanagombania nani kausukuma!

Mama akachukua watoto na mbuzi, akaenda zake. Mkulima akabaki kulinda baraka. Akabeba kiti na mwavuli, akakaa pale pale mpakani, mguu juu ya mguu, kama bwana harusi.

Adhuhuri mlima ukaguna. Migomba, zizi, nyumba, kiti na mwenye kiti, vyote vikashuka kwa pamoja. Tope lilipotulia, mkulima alikuwa amezama mpaka kwapani, uso kwa uso na sufuria za jirani. Jiko lenyewe lilikuwa limelala chali. Kwa rehema tu halikuwa na mtu. Akajaribu kuvuta mguu, tope likamvuta yeye. Likafika mabegani.

Jirani akatokea na jembe. Akaliinua. Akalishusha.

"Kabla sijachimba," akasema, "hapo ulipo, ni kwangu au ni kwako?"

"Kwako!" mkulima akalia, tope likimwingia kinywani. "Kwako, jirani yangu! Kwako tangu enzi za babu! Chimba!"

Akachimbwa. Akatoka bila nyumba, bila mgomba, bila kiatu.

Wapendwa, mbona sisi tuko hivyo hivyo? Cheo kimekuja ghafla, biashara imevimba, tunakimbilia kushuhudia. Hatuulizi chini kinasogea nini. Akija mtu wa nyumbani kutuonyesha ufa, tunamwambia hana imani. Kufukia ufa si imani, ni ukaidi uliovaa koti la Jumapili. Mimi sizunguki, nasema wazi: Mungu hakumpanulia yule mpaka wowote. Masika yote alikuwa anamwambia, "Hama!" Naye masika yote akawa anaitikia, "Amina!"

Kwa hiyo leo nikimaliza, asiniitikie mtu amina. Nataka kuona mtu anainuka, anahama.