Gambusi la Fundi Shekue na Waziri wa Mfalme

Paukwa!
Pakawa!
Gambusi!
La mpenzi!
Ubao!
Wa mshindani!

Hapo zamani, mji wa Ungwini ulikuwa mji wa kuimba. Akinamama wakitwanga, wanaimba. Vijana wakivuna, wanaimba. Hata mchimba kisima alikuwa na wimbo wake. Jamani, mji ule! Mpaka leo nikiutaja, moyo unaniuma. Kisha malkia akafa, na mfalme akapiga ngoma marufuku. Miaka mitatu harusi zikawa kimya kama matanga.

Basi palikuwa na Fundi Shekue, mpiga gambusi, kile kinanda cha nyuzi, na bingwa wa sataranji, mchezo wa ubaoni wenye kete za mfalme, waziri, farasi na tembo. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, naye alikataa katakata kumtoa mwanawe nyumbani bila wimbo. Akaenda kwa mfalme, ambaye alipenda sataranji kuliko kula. Wakaafikiana: fundi akishinda, ngoma ipigwe. Akishindwa, gambusi lichomwe moto. Mfalme, mjanja yule, akaongeza lake: fundi acheze huku anapiga gambusi, na kadhi amsogezee kete.

“Mshika mbili, moja humponyoka,” akasema.

Shekue akapiga wimbo wa kutwanga. Mfalme akamla farasi wa fundi. Akapiga wimbo wa mavuno. Mfalme akamla tembo wake. Akapiga wimbo wa tatu, ule alioupiga mwenyewe siku mfalme alipomwoa malkia.

Sasa sikilizeni. Mtu wa Ungwini hasikii wimbo wa harusi mikono ikatulia. Kidole cha mfalme kikaanza: ti, ti, ti. Kinagonga wapi? Juu ya kichwa cha waziri wake, pale ubaoni!

“Ukigusa kete, umeicheza,” fundi akasema polepole. “Ndiyo sheria, Mwinyi.”

Kadhi akaafiki. Waziri ilibidi aondoke, na popote ambapo angekwenda, mlango wa kumfikia mfalme wake ungebaki wazi. Hatua moja tu ya kete ya fundi, mfalme wa ubaoni akawa hana pa kukimbilia. Shekue akanyamazisha nyuzi.

Watu waliokuwa wakitazama wakangoja hasira ya mfalme. Mfalme hata ubao hakuutazama. Machozi yalikuwa yanamtoka.

“Mbona umeacha?” akauliza. “Malkia mwenyewe aliupenda ubeti wa mwisho.”

Fundi akaumalizia. Na Ijumaa ile, harusini, wa kwanza kupiga makofi alikuwa mfalme.

Ngano yangu inatua hapa. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.