Kigoda cha Mama Mkwe

Hapo zamani, ambazo si za kale mno kwani baiskeli zilikwisha kuwapo, Tunu wa Lindi alisafiri hadi ng'ambo ya mto Songwe kujitolea katika mradi wa afya ya wajawazito. Asubuhi alipima wajawazito, mchana alizunguka nyumba kwa nyumba, jioni alichekwa kwa namna alivyosonga ugali.

Kijiji hicho kilikuwa na desturi. Mwanamke aendapo kujifungua, mama mkwe hutangulia na kigoda, hukiweka mlangoni mwa zahanati, hukikalia mpaka mtoto alie. Aliyekibeba, akakikalia, akasikia kilio, ndiye humpa mtoto jina. Na mtoto asiye na jina havuki kizingiti cha zahanati kwenda nyumbani.

Tunu alimwonya Bibi Tumwitike: "Bibi, mkweo Atupele amekaribia kujifungua. Usiende mbali."

"Mwanangu, wewe umezaa wangapi?" Bibi akacheka, akajitwika mahindi, akaenda mashineni kusaga.

Uchungu ukaja. Atupele akagoma: "Bila kigoda sitoki, dada."

Tunu akakitwaa kigoda, akajitwika, akatangulia. Walipofika njia panda, miguu ya Atupele ikakataa. Akatokea Ambokile, muuza ndizi, na baiskeli yake.

"Shemeji, panda!" akasema, huku akizimwaga ndizi zake kando ya njia.

"Na kigoda?" Tunu akauliza.

"Dada, hii ni baiskeli, si lori!"

Akakanyaga pedali. Tunu akakimbia nyuma, kigoda kichwani. Habari zikafika mashineni. Bibi akautelekeza unga, akakata njia ya mkato, akafika mlangoni mwa zahanati, akaketi juu ya udongo mtupu. Mtoto akalia. Ndipo Tunu akatokea, anahema, kigoda kichwani.

Alikuwa mtoto wa kike, mzima. Ubishi nao ukazaliwa.

"Nimeketi, nimesikia," akasema Bibi. "Ataitwa Sekela, jina la marehemu mama yangu."

"Umeketi vumbini, Bibi!" akadakia Ambokile. "Bila baiskeli yangu, kilio hicho wangekisikia ng'ombe porini. Aitwe Bupe, kama mama yangu."

"Tangu lini mwanamume akaketi mlangoni?"

"Sikuketi. Nilifikisha."

Tunu alikuwa hajawahi kutaka kitu katika kijiji kile, hata kiti kizuri. Sasa alitaka. Mama yake alifariki akimzaa yeye, na hapakuwa na mtoto yeyote aliyewahi kupewa jina lake.

"Nimekibeba mlango hadi mlango," akasema. "Bila kigoda, Atupele asingetoka nyumbani. Aitwe Mwanahawa."

"Hukukikalia, mwanangu. Wala kilio hukukisikia."

"Nawe, Bibi, ulionywa ukaenda kusaga."

Bibi akakitazama kigoda.

"Amueni basi," akasema mkunga, "mwingine anakihitaji kitanda."

Atupele akamfunika mwanawe kwa kanga. "Jamani, mimi nataka kwenda kwangu. Mwanangu anaitwa nani?"

Nanyi mliosikiliza, msiseme kila mmoja apewe fungu lake, kwani jina ni moja na kizingiti ni kimoja. Mmoja alikibeba kigoda asikikalie. Mmoja aliketi, akasikia, asikibebe. Mmoja hakubeba wala hakuketi, ila pasipo yeye pengine kusingekuwa na kilio cha kusikiwa. Je, ni nani aliyestahili kumpa mtoto yule jina?