Mbuzi wa Fainali na Mayai Mawili

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana nyavu za magoli zilikuwa vyandarua, palikuwa na timu yetu ya wajenzi wa Igunguli. Tulifungwa kila Jumapili mpaka tukazoea.

Kipa wetu, Mashauri, akipiga mpira kwa mguu unakwenda kwa adui. Lakini kazini alirusha matofali kutoka chini hadi ghorofa ya pili, na kule juu mdakaji alikuwa Sungwa, winga wetu. Mashauri anaita, "Pokea!" Sungwa ananyoosha mikono, tofali limefika. Miaka mitatu halikuanguka hata moja.

Mama Kalunde, aliyetuuzia chakula palepale, aliyaona hayo. Kocha alipotukimbia, akasema, "Nipeni mimi. Mashauri, usipige tena, rusha. Nyie wengine acheni pasi za kubahatisha, kila shambulizi lianzie mkononi mwake. Sungwa, ukisikia 'Pokea', kimbia."

Basi rusha, kimbia, goli. Rusha, kimbia, goli. Tukafika fainali, na zawadi ni mbuzi jike mwenye mimba. Kwetu mbuzi wa fainali hagawanywi, anapewa mtu mmoja aliyeleta ushindi, tangu mwaka ule timu nzima ilipopigana kwa ajili ya ini.

Siku ikafika. Rusha, kimbia, goli, moja bila. Mashauri akarusha tena, "Pokea!" Sungwa, kwa mazoea ya kazi, akaudaka kwa mikono miwili, akauweka chini taratibu, akanyoosha mikono kungoja mwingine. Tulicheka hadi tukakaa chini. Wapinzani hawakucheka, walipiga faulo upesi wakasawazisha.

Wakati wa mapumziko Mama Kalunde akampa Sungwa mayai mawili mabichi, moja kila mkono. "Ukidaka, yatakuchafua." Refa akafikiri sana, akasema sheria ya mayai hajaisoma.

Dakika ya mwisho, "Pokea!" Mpira ukavuka uwanja. Sungwa akakanyagwa, akaanguka, akainuka na mayai mazima, akafunga kwa kichwa. Nilifurahi mpaka nikambusu refa.

Sasa mbuzi. Mashauri akasema, "Bila mkono wangu mngeendelea kufungwa."

Mama Kalunde akasema, "Mkono huo ulikuwepo miaka yote mitatu, mwanangu. Nani aliupa kazi uwanjani?"

Sungwa akasema, "Mama, mipango yako haikukanyagwa mgongo. Mimi nilikanyagwa."

"Na nani aliwapa wapinzani goli la kusawazisha?" Mashauri akauliza. Sungwa akazidi kuikaza kamba ya mbuzi mkononi.

Wakanipa mimi, mchezaji wa akiba, nimshike mbuzi mpaka waafikiane. Amezaa mara nne. Maziwa nakunywa, na aibu naona. Leo wote watatu wako mlangoni kwangu wanataka jibu.

Haya, nyie mnaocheka, nisaidieni. Je, nani alistahili mbuzi: aliyerusha, aliyepanga, au aliyefunga?