Aliyeufungua Mdomo wa Mwalimu Mchome

Sogeeni karibu, na kila mmoja aje na mizani yake, kwa sababu mzigo unaopimwa hapa umekwisha kuwashinda wengi. Anayepika na aepue chungu kwanza.

Huko milimani Upare, mahali ambapo mashamba ya tangawizi yameshika mteremko mzima, walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho majirani walikijua bila kuambiwa.

Niwaeli alikuwa na mkono. Vibao vya maduka yote ya barabarani viliandikwa na yeye, na herufi zake zilisomeka hata na mtu aliyepita mbio juu ya pikipiki.

Ombeni, mdogo wake Niwaeli, alikuwa na sikio. Pikipiki ikianza kupanda mlima, aliitaja ni ya nani kabla haijatokeza konani. Mbuzi akikohoa zizini, alijua ni yupi.

Navoneiwa hakuwa mtu wa nyumba hiyo. Yeye alikuwa na kumbukumbu. Kilichoingia kichwani mwake hakikutoka tena, kiwe wimbo, kiwe jina la mgeni, kiwe tusi.

Na katikati ya hao watatu alikuwapo mama mmoja, Nakundwa, mama yao Niwaeli na Ombeni, ambaye hakuna aliyewahi kumtajia kipaji. Ndiye aliyeachiwa ufunguo. Mfuateni yeye.

Mume wake, Mwalimu Mchome, alifundisha Kiingereza sekondari mpaka alipostaafu. Baada ya hapo alikigeuza chumba chao kinachotazama barabara kuwa darasa la jioni. Ufundi wake ulikuwa mmoja tu: hakumpa mwanafunzi neno zima. Alilikata kama mtu akatavyo muwa, akabaki na kichwa, kiwiliwili na mkia; yaani kiambishi cha mbele, mzizi, na kiambishi cha nyuma. Alitupa kichwa, darasa likarudisha kilichobaki. Alitupa mzizi, darasa likaufungia mkia. Nakundwa, aliyeishia darasa la nne, alisikia makofi na sauti hizo kutoka jikoni mwaka hata mwaka, naye alizihesabu kuwa ni kelele za nyumba yake, kama vile mvua juu ya bati.

Kisha Mwalimu alianguka shambani. Kiharusi kikachukua mkono wa kulia, kikachukua na nusu ya kuona kwake, na mwisho kikachukua ulimi. Kiswahili kikaondoka. Kipare, lugha aliyoinyonya kwa mama yake, nacho kikaondoka. Alipotaka kumwita mkewe, kilichotoka ni "nda, nda", na machozi yakafuata. Daktari aliwaambia kwamba maneno yalikuwa bado yamo ndani, ila mlango ulikuwa umefungwa. Watafute njia yoyote ambayo mgonjwa aliizoea zaidi. Wakarudi naye nyumbani bila kujua njia hiyo inaanzia wapi.

Aliyeiona kwanza ni Ombeni. Siku moja binti yake mdogo alikuwa barazani na kazi ya shule, anasoma neno la Kiingereza kwa kuvuta: "un… un…" Hapo akakwama. Ndani, kitandani, pakatoka mguno.

"Baba kasema!" Ombeni aliruka.

"Kakohoa," alisema Niwaeli, akiendelea kuchambua mchele.

"Dada, mimi sijawahi kumsikia mtu akikohoa Kiingereza. Kasema 'happy'. Mtoto kaanza, babu yake kamalizia."

Wakaingia wote. Ombeni akainama sikioni kwa baba yake, akasema, "Un…" Midomo ilihangaika, ikapinda upande, na hatimaye neno likatoka, dogo na limechakaa: "…happy."

Nakundwa alishika nguzo ya kitanda. "Amesema nini?"

"Neno zima maana yake ni mtu asiye na furaha, mama."

"Hilo angeweza kuniambia kwa macho," alisema Nakundwa, akatoka kwenda kulia nyuma ya nyumba.

Aliyeitengeneza njia ni Niwaeli. Kadi za zamani ambazo Mwalimu aliviandikia vipande hivyo vya maneno zilikuwa zimeliwa na mchwa, na hata zingekuwapo, asingeziona, maana upande wake wote wa kulia ulikuwa giza. Niwaeli akakusanya makatoni ya sabuni, akakata, akaandika herufi kubwa za upana wa kiganja. Vichwa vya maneno aliviandika kwa rangi nyekundu, mizizi kwa nyeusi, mikia kwa buluu. Akatengeneza ubao mdogo akauegemeza kushoto, upande uliobaki na nuru. Mwalimu akaanza kusogeza kadi kwa mkono wake wa kushoto, akiunganisha kichwa na mzizi, mzizi na mkia, huku jasho likimtoka kama mtu anayelima. Alijua kila kadi inakwenda wapi. Ila mdomo ulitoa neno moja, ukafunga. Kesho yake neno jingine, ukafunga.

Nakundwa alimvuta binti yake pembeni. "Nami nipe langu moja."

"Lipi, mama?"

"Lililo jepesi. Meno yangu haya unayaona."

Niwaeli akamkatia kadi nyeusi yenye mzizi "help", akamfafanulia: peke yake ni msaada, ukiufungia mkia huu, ni mtu mwenye kusaidia, ukiufungia mkia ule, ni mtu asiye na msaada wowote. Mama akaifanyia mazoezi jikoni, akipuliza kuni na kuitamka, akipepeta na kuitamka, hata mkwewe, mke wa Ombeni, akamtania, "Mama, mwakani tutakupeleka Ulaya." Kila asubuhi, baada ya kumwosha mumewe na kumgeuza, aliiweka kadi yake ubaoni na kusema, "Help…" Na kila asubuhi Mwalimu alisukuma ule mkia wa asiye na msaada. Nakundwa akaichukua kadi yake. Kesho yake akaiweka tena.

Aliyeifungua njia ni Navoneiwa. Huyu alikuwa akiuza maandazi stendi. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Mchome, na siku ilipojulikana kuwa ana mimba, ni Mwalimu huyo huyo aliyesimama mbele ya darasa zima na kumwambia afungashe vitu vyake. Alipobisha hodi na sahani iliyofunikwa kitambaa, Nakundwa alimtambua papo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuona alipofikia?"

"Nimekuja kumwona mwalimu wangu, mama. Hayo mengine niliyaacha getini."

"Yaliyoachwa getini huwa yanachukuliwa wakati wa kutoka."

"Nitatokea uani," alisema Navoneiwa. Nakundwa, bila kutaka, akatabasamu na kumpisha.

Aliwakuta ndugu wawili wakimsomea baba yao kadi taratibu, kwa sauti ya watu walio kanisani. Akasikiliza, kisha akashindwa kujizuia.

"Mnamwimbia maiti? Mwalimu hakuwahi kusoma kadi hata siku moja. Aliziimba!"

Akaweka sahani chini, akapiga makofi mawili ya haraka na moja zito, akatupa kichwa cha neno kwa sauti ya kupanda, vilevile kama alivyokuwa akifanya Mwalimu, pamoja na kile kikohozi kidogo alichokitia kabla ya kila neno gumu. Mwalimu alifumbua macho. Kiganja cha kushoto kikapiga godoro. Mkia ukatoka, ukafuatwa na neno jingine, na jingine, kama maji yaliyotolewa jiwe mbele. Tangu siku hiyo Navoneiwa alikuja kila alipomaliza maandazi yake, na kidogo kidogo akaanza kupenyeza ndani ya wimbo huo maneno ya Kiswahili: chai, maji, mto, dirisha. Nayo yakajibiwa.

Basi ikafika siku yenyewe. Dawa zilikuwa zimekwisha, na Nakundwa akateremka zahanati, ambako foleni ilikuwa ndefu. Simu yake aliiacha dukani ikichajiwa. Mwalimu aliimba na watatu wale, kisha akawanyamazisha kwa kiganja. Akaanza kusema. Hakuimba, hakumalizia neno la mtu; alisema mwenyewe.

Alimwambia Navoneiwa, "Nilikukosea mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu."

Akawaambia wanawe, "Chumba changu cha darasa apewe aliyenifungua mdomo."

Kisha akauliza, "Mama yenu yuko wapi?"

Wakamwambia. Akasema, "Mwiteni."

Ombeni akatoka kama mshale, akaomba pikipiki ya jirani, akateremka. Mama na mwanawe walipanda mlima, Nakundwa akiwa nyuma, anajaribu kupanga la kumwambia kwanza mtu aliyekuwa kimya muda wote huo. Walipoingia, Niwaeli na Navoneiwa walikuwa wameinamisha vichwa. Mlango wa maneno ulikuwa umefungwa tena.

Nakundwa alikaa kitandani. Akaitoa kadi yake kwenye pindo la kanga, ikiwa imelainika kwa jasho, akaiweka ubaoni upande wa nuru. "Help…" alisema. Akangoja. Mkono wa kushoto ulipapasa mikia yote miwili, huu na ule, usichukue hata mmoja. Ukaja ukatulia juu ya mkono wake.

Siku chache baadaye Mwalimu alizikwa.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikaa kikao. Mzee Sefania, ndugu wa marehemu, akamkabidhi Nakundwa ufunguo wa chumba.

"Shemeji, nyumba hii mliijenga wawili. Maneno ya marehemu tumeyasikia, na hakuna anayeyapinga. Aliyemfungua mdomo unamjua wewe uliyekuwa naye. Taja."

Chumba chenyewe hakigawanyiki. Kina mlango mmoja na dirisha moja. Na kila mmoja wa wale watatu alikihitaji. Niwaeli alikuwa ametoka katika ndoa iliyovunjika akiwa na watoto wawili, analala nao jikoni kwa mama yake. Ombeni alikuwa amepunguzwa kazi mjini, na bila chumba cha kutengenezea redio na simu ingembidi aiache familia yake na kwenda kutafuta mbali. Navoneiwa alitaka kuliendeleza darasa, maana wazazi walikwisha kumwomba, na hakuwa na paa lolote ambalo angeweza kuliita lake.

"Bila sikio langu," alisema Ombeni, "mngekuwa bado mnadhani anakohoa."

"Na bila mkono wangu," alisema Niwaeli, "sikio lako lingesikia neno moja mpaka leo. Alikuwa haoni, Ombeni! Nani alimpa cha kuona?"

"Mlikuwa na sikio, mlikuwa na kadi," alisema Navoneiwa kwa utulivu, "na bado alikuwa amefungwa."

Niwaeli akamgeukia. "Wewe si mtoto wa nyumba hii."

"Hakusema apewe mtoto, dada yangu. Nawe ulikuwapo."

"Tazameni," Ombeni aliingilia, "hata neno la Kiingereza lina kichwa, mzizi na mkia. Sasa mzizi ndio…"

"Ombeni," alisema Nakundwa. "Mimi Kiingereza sikijui. Usiniamulie kwa lugha ya watu."

Nakundwa aliuzungusha ufunguo kidoleni. Alikuwa na jambo moja tu la kuuliza, na halikuhusu chumba.

"Ninyi mlimsikia, mimi sikumsikia. Sauti yake ilikuwaje?"

Ombeni akainamisha kichwa. "Sikuisikia yote, mama. Aliposema uitwe, niliondoka. Kama alisema jingine baadaye, lilinipita. Nilikuwa nakufuata wewe."

Niwaeli akasema, "Mimi nilimshikilia shingo asipaliwe, na uso wake ulikuwa mbele yangu. Alikuwa akiitaka ile kadi yako, mama. Ilikuwa haipo, ulikwenda nayo zahanati. Alikuwa akiitafuta ubaoni."

Navoneiwa akafumba macho, akatia kile kikohozi kidogo, na kutoka kinywani mwake ikaja sauti ya mwanamume mzee, nzito upande mmoja, yenye kukwaruza mwishoni, kila pumziko mahali pake: "Mama yenu yuko wapi?"

Nakundwa alijifunika uso kwa kanga. Hata Mzee Sefania alitazama pembeni.

Alipojifunua, wote watatu walikuwa wamesimama mbele yake: mmoja aliyeikosa sehemu ya sauti hiyo kwa sababu ya kumfuata yeye, mmoja aliyeishika shingo iliyoitoa na kumkatia kadi yake, na mmoja aliyemrudishia sauti yenyewe kutoka kwenye kichwa kisichosahau hata aibu. Alijaribu kumwondoa mmoja katika hesabu yake, na mumewe akawa bubu. Akamrudisha, akamwondoa mwingine, na mumewe akawa bubu tena. Na hakuna hata mmoja kikaoni, wala yeye mwenyewe, aliyekumbuka kumhesabu yule aliyemwosha na kumgeuza kila asubuhi.

"Taja, shemeji," alisema Mzee Sefania kwa upole. "Jua linatuacha."

Nakundwa akafumbua midomo. Ufunguo ulikuwa umekwisha kupata joto la kiganja chake.

Hapo ndipo msimulizi anapouweka mzigo chini. Ufunguo sasa uko mkononi mwako, na watatu wanakutazama. Je, wewe uliyesikiliza mpaka hapa, ungeuweka katika kiganja cha nani? Na hao wawili waliobaki, ungewaambia nini ili waelewe?